Mkalimani wa kujitolea aliyekatwa shilingi 10,000: uchambuzi wa kisa kutoka makazi ya wakimbizi

Kisa hiki ni cha shirika lisilo la faida linalofanya kazi katika makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Majina, wilaya na tarehe vimeondolewa, na viwango vya fedha vimezungushwa bila kuharibu uwiano wake. Sheria zinatajwa kwa majina bila namba za vifungu. Toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 lilibadilisha namba nyingi, na anayenakili namba kutoka nyaraka za zamani huishia kwenye kifungu kisichohusika.

Usuli

Shirika lilikuwa na wafanyakazi 16 wenye mikataba ya ajira. Lilitoa msaada wa kisheria na ushauri nasaha kwa wakimbizi, wengi wao kutoka mashariki mwa Kongo. Mawakili na washauri walizungumza Kiingereza, Kiganda na Runyankole, ilhali wateja walizungumza Kiswahili, Kinyabwisha na Kibembe. Bila mkalimani, kazi haikuanza. Kwa hiyo shirika lilikuwa na wakalimani 14, nao wote ni wakimbizi waliotoka katika makazi yaleyale.

Wakalimani hao waliitwa “wa kujitolea”. Kila mmoja alilipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, zilizoandikwa kwenye vitabu vya hesabu kama “fasilitesheni ya wajitoleaji”, yaani pesa za kuwawezesha kufanya kazi. (Neno posho lisingefaa, maana hapa Uganda posho ni ugali.) Wenyewe waliziita motisha.

Kulikuwa na sababu mbili za kuwaita wajitoleaji, na moja ilikuwa makosa matupu. Mkurugenzi aliamini kwamba mkimbizi haruhusiwi kuajiriwa. Sivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kupata nafasi za ajira na kufanya kazi ya kujipatia kipato. Sababu ya pili ilikuwa bajeti: mfadhili aliidhinisha fungu la wajitoleaji, hakuidhinisha nafasi za ajira, na hakuna aliyerudi kumuuliza.

Aidha, kila mwaka shirika lilipokea wanafunzi wanne wa mazoezi kutoka vyuo vikuu vya Kampala na Mbarara. Walikaa wiki nane, wakiwa na barua ya chuo na msimamizi wa kitaaluma. Mmoja wao alipomaliza wiki zake nane hakuondoka. Mtunza data wa shirika alikuwa ameacha kazi, na kijana huyo alijua kompyuta. Alibaki miezi 11 kama “mjitoleaji” kwa shilingi 350,000 kwa mwezi.

Mambo yalivyofuatana

Msimu wa mvua, mkalimani mmoja aliyekuwa na miezi 26 ya huduma alitumwa kwenda kumtembelea mteja kijiji cha mbali ndani ya makazi, akifuatana na mshauri. Walipanda bodaboda mbili zilizokodiwa na ofisi. Yake iliteleza kwenye tope la mfinyanzi, ikamwangukia, mfupa wa mundi ukavunjika.

Ofisi ililipa gharama za kwanza za hospitali, shilingi 480,000. Wiki tatu baadaye ililetwa bili ya pili ya 620,000, na mhasibu akakataa kuilipa, akisema hakuna fungu la matibabu kwa watu wasio wafanyakazi. Wiki hiyohiyo mratibu alimwandikia kwa WhatsApp: “Papa, pole sana na maumivu. Pumzika kwanza. Nafasi yako ameshika mwingine, ukipona tutaangalia.” Jibu lilikuwa la maneno machache: “Aksanti madamu. Nimekosa nini?”

Ujumbe huo uliandikwa kwa upole na kwa nia njema. Kisheria ulikuwa barua ya kufukuza kazi bila notisi, bila sababu na bila kusikilizwa.

Miezi miwili na nusu baada ya hapo, mkalimani alikwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Alikuwa ndani ya muda, kwani malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanatakiwa kufikishwa ndani ya miezi mitatu. Mwenyekiti wa baraza la wakimbizi la kijiji chake alimsaidia kupanga ushahidi: picha za karatasi za malipo za miezi saba, picha za daftari la mahudhurio, kitambulisho chenye nembo ya shirika, na ujumbe wa WhatsApp.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa shirika ulikuwa kukana. Barua ya ukurasa mmoja ilimweleza afisa wa kazi kwamba mlalamikaji alitia sahihi “makubaliano ya kujitolea” yanayosema wazi kuwa yeye si mfanyakazi. Makubaliano yenyewe yaliambatanishwa, na hapo ndipo shirika lilipojifunga. Ibara ya 2 ilisema hakuna uhusiano wa ajira. Ibara ya 4 ilisema atafika saa 2:30 asubuhi na kuondoka saa 10:30 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ibara ya 6 ilisema hataondoka bila ruhusa ya mratibu. Ibara ya 7 ilisema atakayekosa siku moja bila ruhusa atakatwa shilingi 10,000.

Uamuzi wa pili ulikuja baada ya kumwona wakili. Ushauri wake ulikuwa mfupi: msibishane juu ya jina, hesabuni deni. Bodi ilikubali usuluhishi mbele ya afisa wa kazi. Sababu zilikuwa tatu. Ushahidi ulikuwa mzito. Shauri likienda Mahakama ya Viwanda, inayosikiliza migogoro ya kazi, lingechukua muda na gharama kubwa kuliko deni. Na kulikuwa na wakalimani wengine 13 wakifuatilia kitakachompata mwenzao.

Uamuzi wa tatu ndio uliookoa shirika: kupitia hali za wote, mmoja mmoja, bila kungoja walalamike. Katibu wa bodi na mhasibu waliketi siku mbili na karatasi za malipo za miaka mitatu. Kwa kila mtu waliuliza: je, analipwa kiasi kilekile kila mwezi hata asipotumia nauli? Nani hupanga saa zake? Akikataa kuja leo, kitamtokea nini? Asipokuwepo, kazi yake itafanywa na mwajiriwa?

Kati ya wakalimani 14 waliokuwepo wakati huo, akiwamo aliyechukua nafasi ya majeruhi, 10 walionekana wafanyakazi kwa kila kitu isipokuwa jina. Wanne walikuwa wajitoleaji kweli: walimu na muuza duka mmoja waliokuja asubuhi moja au mbili kwa wiki, wakipenda. Nao pia walikuwa wakipewa 200,000 kila mwezi, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza. Kijana wa data aliingia kundi la wafanyakazi bila mjadala.

Matokeo

Hesabu ya majeruhi iliyokubaliwa na kutiwa sahihi mbele ya afisa wa kazi ilikuwa hivi. Bili ya hospitali iliyobaki, 620,000. Notisi ya mwezi mmoja, ambayo ni haki ya aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na chini ya miaka mitano, 200,000. Malipo ya wiki nne kwa kutosikilizwa kabla ya kuachishwa, takribani 175,000 baada ya makato. Kiinua mgongo, mishahara ya miezi miwili, 400,000. Fidia ya ulemavu: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inahesabu mapato ya miezi 60 kwa ulemavu kamili, na sehemu yake kwa ulemavu pungufu, daktari alikadiria asilimia 10, yaani 10 kwa 100 ya 12,000,000, sawa na 1,200,000. Jumla mkononi ilifika 2,595,000.

Nje ya hizo kulikuwa na michango ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 10 ya mwajiri na asilimia 5 ya mfanyakazi, kwa hiyo 30,000 kwa mwezi kwa miezi 26, ambazo ni 780,000. Kwa kuwa shirika halikukata sehemu ya mfanyakazi wakati wa kulipa, lilibeba asilimia zote 15 lenyewe. Wakalimani 10 waliobaki walikuwa na jumla ya miezi 165 ya kazi, nayo ilizaa deni la 4,950,000. Kijana wa data alikuwa na 52,500 kwa mwezi kwa miezi 11: 577,500. Faini za kuchelewa zilikuja juu yake.

Kodi ya PAYE, ile ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara, ilikuwa ndogo kuliko walivyohofu. Kizingiti wakati huo kilikuwa 235,000 kwa mwezi, hivyo wakalimani hawakukifikia. Kijana wa data alikifikia: asilimia 10 ya shilingi 100,000 zilizo kati ya 235,000 na 335,000, na asilimia 20 ya 15,000 zilizozidi, yaani 13,000 kwa mwezi. Hapa ndipo mashirika mengi huchanganya mambo. Kutofikia kizingiti cha PAYE hakumtoi mtu katika NSSF. Na tangu marekebisho ya sheria ya NSSF ya 2022, hata mwajiri wa mtu mmoja anatakiwa kuchangia.

Malimbikizo yote yalilipwa kutoka akiba ya shirika lenyewe. Mfadhili hakukubali faini ziingie katika bajeti ya mradi, na hakuna mfadhili makini ambaye angekubali. Akiba hiyo ilikuwa imewekwa kwa ajili ya kununua pikipiki mbili.

Uchambuzi: mstari mmoja wa karatasi ya malipo

Afisa wa kazi hakusoma sana makubaliano. Aliweka kidole kwenye picha moja. Karatasi ya malipo ilikuwa na safu tano: jina, siku, kiasi, makato, sahihi. Mstari wa mlalamikaji kwa mwezi mmoja ulisomeka: siku 20, kiasi 200,000, makato 20,000, na pembeni kwa kalamu nyekundu, “hakuja siku 2”.

Mstari huo ulibeba kesi nzima. Sheria ya Ajira ya 2006 inaitambua ajira kuwa makubaliano yoyote, ya mdomo au ya maandishi, ya wazi au ya kudokezwa, ambayo mtu anakubali kumfanyia mwajiri kazi kwa malipo. Tena inasema mshahara ni mapato yanayoweza kuhesabiwa kwa fedha, kwa jina lolote yatakaloitwa. Fasilitesheni ikikatwa kwa siku isiyofanyiwa kazi, imeacha kuwa marejesho ya gharama. Mtu asiyekuja hana nauli ya kurejeshewa, basi unamkata nini? Unamkata ujira wa siku. Na ukiwa na bei ya siku ya mtu, umekwisha kumwajiri.

Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Tunasema “mfanyakazi wa kujitolea” kana kwamba ni aina ya mfanyakazi, halafu tunashangaa afisa wa kazi anaposoma neno la kwanza tu. Katika nyaraka ni salama kuandika “mjitoleaji”, lakini neno halimwokoi mtu ambaye daftari la mahudhurio linamsuta.

Kiwango cha malipo hakikuwa tatizo. Kima cha chini cha mshahara kilichomo katika sheria za Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984, kwa hiyo 200,000 haikuvunja lolote. Ibara ya 2 nayo isingeweza kusaidia, kwa kuwa pande mbili haziwezi kukubaliana kuondoa haki ambazo sheria inazitoa. Makubaliano ya kujitolea yana kazi yake, lakini si hiyo.

Kuhusu ajali: Uganda haina sheria mahususi ya wajitoleaji, na fidia ya ajali kazini imejengwa juu ya uhusiano wa kazi kwa malipo. Mjitoleaji wa kweli akivunjika mguu hana mlango huo. Atabaki kudai kwa uzembe, kwamba shirika lilimpeleka safari ya hatari bila tahadhari: bodaboda isiyo na kofia ya pili, njia ya mfinyanzi saa ya mvua. Ndiyo maana kusema “huyu ni mjitoleaji” hakufuti hatari, kunaihamisha tu kutoka hesabu inayojulikana kwenda hesabu isiyojulikana. Shirika lilinunua bima ya ajali binafsi kwa wanne waliobaki na kwa wanafunzi wa mazoezi, pamoja na bima ya fidia ya wafanyakazi ambayo sheria ilikuwa ikiidai tangu mwanzo.

Jambo moja lilimshtua kila mtu, hata wakili. Wafanyakazi 16, wakalimani 10 na mtunza data ni watu 27. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa na Sheria ya Ajira kuwa na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini. Shirika lilikuwa limevuka mstari huo bila kujua, na halikuwa na sera wala mtu wa kupokea malalamiko. Kwa ofisi inayohudumia wanawake waliokimbia ukatili, hilo lilikuwa pengo la aibu kuliko NSSF.

Mikataba mipya

Wakalimani 10 walipewa mikataba ya mwaka mmoja. Malipo yalibaki 200,000, siku zikapungua kutoka tano hadi nne kwa wiki, na mchango wa mwajiri wa 20,000 kwa kila mmoja ukatolewa katika fungu la usafiri baada ya mfadhili kukubali kwa maandishi kubadilisha jina la fungu. Ilichukua barua moja na siku tisa. Nakala za vitambulisho vya wakimbizi ziliwekwa kwenye majalada, na kamanda wa makazi, aliye chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, akaandikiwa barua ya kumjulisha.

Kupunguza siku kulikuwa uamuzi mzuri. Kutoeleza makato hakukuwa. Mwezi wa kwanza wakalimani walipokea 190,000, wakaona 10,000 imetoweka, kiasi kilekile cha ile adhabu ya zamani, na watatu wakakataa kutia sahihi. Ilibidi mhasibu akae nao chini ya mwembe na kuwafungulia akaunti za NSSF kwenye simu zao, waone kwamba 30,000 imeingia kwa majina yao. Swali lao la pili lilikuwa la maana zaidi: tukipata nafasi ya kuhamishiwa Kanada au Marekani, pesa zitabaki hapa? NSSF ina mafao ya mwanachama anayeondoka nchini moja kwa moja, na hilo lingepaswa kusemwa siku ya kwanza, kabla ya sahihi.

Wanafunzi wa mazoezi

Upande huu shirika lilikuwa limefanya vizuri kwa wiki nane, kisha likaharibu siku ya kwanza ya wiki ya tisa. Ndani ya wiki nane kulikuwa na barua ya chuo, tarehe ya mwisho, kitabu cha kumbukumbu kilichotiwa sahihi kila Ijumaa, na kazi iliyopangwa kwa ajili ya kujifunza. Walirudishiwa nauli ya 5,000 kwa siku na kupewa chakula cha mchana. Hakuna aliyejaza nafasi iliyo wazi. Ikumbukwe kwamba sheria inauhesabu mkataba wa uanagenzi, wa kumfundisha mtu kazi ndani ya ajira, kuwa ajira kamili. Kwa hiyo barua ya chuo na tarehe ya mwisho si urasimu, ndizo zinazomtofautisha mwanafunzi na mwajiriwa.

Kijana wa data alipokaa kwenye kiti cha mtu aliyeacha kazi, tofauti hiyo ilikwisha. Kulikuwa na tatizo jingine pembeni yake. Alitumia laptopu yake mwenyewe, na orodha ya wateja zaidi ya 600, pamoja na maelezo ya kesi zao, ilikuwa humo bila nywila. Hakuwa ametia sahihi ahadi yoyote ya usiri. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 mwenye wajibu ni shirika, si kijana. Alipewa mkataba wa miezi sita na kompyuta ya ofisi, na faili likafutwa mbele ya mashahidi wawili. Hakuna dalili kwamba data ilivuja. Ilikuwa bahati.

Nauli za wanne waliobaki

Kuacha kuwalipa wajitoleaji wanne kiasi cha mkupuo kulileta usumbufu ambao watu wa makaratasi hawakuutarajia: waendesha bodaboda hawatoi risiti. Mhasibu alitengeneza fomu nusu ukurasa yenye tarehe, kutoka wapi hadi wapi, nauli, namba ya pikipiki, jina la mwendeshaji na sahihi yake au alama ya dole gumba, kisha sahihi ya mratibu aliyeomba huduma. Ukomo ni shilingi 8,000 kwa safari ya kwenda na kurudi, kulingana na bei za stendi ya sokoni. Malipo ni kwa simu, ndani ya siku mbili. Asiyesafiri halipwi, na asiyekuja haulizwi sababu.

Miezi sita baadaye katibu wa bodi alikagua fomu 31. Nne zilikuwa za mtu mmoja, vijiji vinne tofauti, vingine mbali na vingine jirani, na zote zilisema 8,000 kamili kwa mwandiko wa mratibu. Mhasibu alizirudisha bila kuzilipa, na mratibu akaambiwa akawatafute waendesha bodaboda wenyewe.